Kurasa za Bibi Zilizorudi Pungufu

Madaftari yalikuwa manne, ya jalada gumu jeusi, nami nilikabidhiwa siku moja kabla ya safari yangu ya kuja Uingereza. Aliyenikabidhi ni binti wa mwalimu wangu. Mwalimu mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Alisomesha wanawake uani kwake, Mombasa, kila Jumatano baada ya alasiri, na mimi nilikuwa mmoja wa watoto wa kiume wachache walioruhusiwa kukaa mlangoni na kusikiliza mpaka tulipoanza kuota ndevu. Darsa zake aliziandika kwa mkono wake, Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, wino wa buluu. Zilikuwa arobaini.

"Kaka," binti yake aliniambia, "wewe unaisoma hati ya mama bila kukwama. Mimi nakwama kila mstari. Nenda nayo madaftari haya, uziandike darsa kwa herufi za skuli, za Kizungu, kisha unirudishie niwasomee wanawake. Hii ni amana."

Nilimjibu kwamba nimeipokea. Maana ya neno hilo nilifundishwa na mama yake, na sikulitamka kwa wepesi.

Mimi na mke wangu tulipanga Hounslow, pembeni mwa London, vyumba viwili juu ya duka la dobi. Nilipata kazi katika jiko kubwa karibu na uwanja wa ndege, tukipanga chakula cha abiria kwenye sinia. Zamu yangu ilianza alfajiri na kwisha mchana, na namshukuru Mungu kwa kazi ile, kwa sababu mchana uliobaki ulikuwa wangu. Jumamosi nilisomesha watoto wa Waswahili wenzetu, ambao waliisikia lugha yangu vizuri sana na kunijibu kwa Kiingereza. Siku nyingine niliketi na madaftari.

Kwanza niliandika kwa kalamu. Nilipofika darsa ya nne vidole viliniuma hata nikashindwa kushika sinia kazini. Mwenzangu mmoja wa jikoni, aliyekuwa amenunua kompyuta mpya, akanionea huruma akanipa yake ya zamani. Ilikuwa na skrini yenye maandishi ya kijani, na haikuweza kukumbuka kitu. Ukiizima, imesahau. Ulichoandika ulikihifadhi kwenye diski, kisahani cha plastiki kilichochomekwa ubavuni, na diski za aina ile zilikuwa zimeshaanza kutoweka madukani. Mimi nilipewa mbili.

Sahibu yangu nilikutana naye Southall, msikitini, Ijumaa moja ya mvua. Alinisikia nikimsalimu mzee mmoja, akanigeukia na kuniuliza mtaa wangu wa Mombasa kabla hajaniuliza jina. Alikuwa amesomea mambo ya umeme na alifanya kazi kwenye duka la kutengeneza kompyuta. Alikuwa mtu wa dini, msomaji, mkarimu wa chai, na kwa miaka yote ile sikumkuta hata mara moja amechelewa sala. Nilipomweleza habari ya madaftari ya Bibi na diski zangu mbili, alinikokota mkono mpaka nyumbani kwake kunionyesha alichokiita bodi.

Bodi ilikuwa kompyuta moja chumbani kwake, imeungwa kwenye laini ya pili ya simu aliyoiweka kwa kazi hiyo tu. Mtu mwenye kompyuta, popote alipo, aliipigia simu kwa modemu, kisanduku kidogo kinachogeuza maandishi kuwa mlio na mlio kuwa maandishi. Akishaingia alisoma barua za wenzake, akaacha yake, akachukua faili au akaweka faili. Intaneti hatukuwa tunaijua. Waliopiga walikuwa Waislamu wa London wa kila kabila, wengine wa miji ya mbali, na mmoja alipiga kutoka Uholanzi.

"Maalim, diski mbili utafika nazo wapi?" aliniambia. "Andika darsa moja, nitumie, futa diski, andika nyingine. Kwangu nafasi ipo, tena mashine yangu haina mende wala unyevu."

"Na ikiharibika?"

"Kila Ijumaa natoa nakala kwenye kanda. Unamwamini mtu wa posta usiyemjua hata uso, mimi huniamini?"

Nilimwamini. Akanipa modemu ya zamani ya dukani kwao, akaja kuniunganishia mwenyewe, na mke wangu akampikia biriani.

Kwa miaka mitatu nilituma darsa za Bibi kwa simu, Jumapili asubuhi, wakati simu ilipokuwa nafuu. Modemu ilipiga, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha ikatulia na namba zikaanza kupanda kwenye skrini. Faili haikwenda kwa mkupuo. Ilikatwa vipande, na kila kipande kilichofika kilijibiwa na upande wa pili. Kipande kilichofika na kasoro kilirudishwa kikatumwa tena mpaka kikubaliwe. Nililipenda jambo hilo. Ilikuwa kama kumsikiliza mwanafunzi anayerudia aya mbele ya mwalimu wake, hapewi ya pili mpaka ya kwanza imenyooka. Lakini mtu mwingine akiinua mkono wa simu nyumbani, kila kitu kilikatika.

"Bado unazungumza na mashine yako?" mke wangu aliuliza kutoka jikoni, Jumapili moja.

"Imebaki robo."

"Dada yangu anangoja nimpigie tangu saa tatu. Mwambie huyo mwenzio wa kijani apumzike kidogo."

"Ukiinua simu nitaanza upya."

"Basi uanze upya, baba watoto. Si ni siku ya mapumziko?" Nikasikia mkono wa simu ukiinuliwa, na namba zikasimama.

Bibi alikuwa na kanuni moja kuhusu kunakili, nayo aliipokea kwa waliomsomesha. Nakala si nakala mpaka isomwe mbele ya asili yake. Mtu mmoja anashika asili, mwingine anasoma nakala kwa sauti, na neno likipungua wanasimama hapo hapo. Nilikusudia kufanya hivyo kwa kila darsa. Lakini kuzipakua tena kulitaka laini ya simu kwa muda mwingine kama ule, na diski nilishaifuta. Nilipomtajia sahibu yangu, alicheka kwa upole.

"Hiyo ni kwa watu wanaosinzia, Maalim. Mashine haisinzii."

Nikaona kweli. Nilikuwa nimeviona vipande vikihesabiwa kimoja kimoja, na mwishoni skrini ikiandika kwamba vyote vimefika. Sikujua bado kwamba kitu kinaweza kusafiri salama kabisa kikaharibiwa baada ya kufika.

Kila nilipoingia kwenye bodi niliona orodha ya darsa zangu, na mbele ya kila moja ukubwa wake. Siku moja niliona kwamba darsa ya kumi na mbili, ya kuosha maiti, ambayo niliituma ikiwa na kilobaiti thelathini na moja, sasa imeandikwa kumi na tisa. Nikatazama nyingine. Nyingi zilikuwa zimepungua. Ijumaa iliyofuata nilimuuliza sahibu yangu tukiwa tunavaa viatu nje ya msikiti.

"Nimezibana," alisema akifunga kamba. "Nafasi imekuwa ndogo. Ni kama nguo kwenye sanduku, unazikunja, unaukalia mfuniko. Siku ukizitaka zitatanuka zenyewe."

Aliniambia maneno hayo akinitazama usoni, akamaliza kufunga kiatu, akaniuliza hali ya goti la mke wangu. Najua sasa kwamba jambo kama hilo la kubana lipo kweli kwenye kompyuta. Ndiyo maana uongo wake ulikaa vizuri.

Ukuta wa chumba chetu ulikuwa na unyevu, jambo ambalo mpangaji wa London halizoei wala haliepuki. Madaftari niliyaweka juu ya kabati, nikayafunga kwa nailoni, na unyevu ukayafuata huko huko. Jalada la kwanza liliota ukungu wa kijivu, kurasa zikagandana, wino ukaanza kutoka upande wa pili wa karatasi. Kwetu karatasi zenye jina la Mungu hazitupwi zikichakaa. Huzikwa mahali safi pasipokanyagwa. Darsa ya arobaini ilipofika kwenye bodi na skrini ikathibitisha, nilijiuliza nifanye nini na madaftari yale. Binti wa Bibi aliniambia nirudishe. Nikajiambia kwamba alichonipa ni maneno ya mama yake, si karatasi zilizooza, na maneno yapo salama. Fikra hiyo nilikuwa nayo peke yangu, sikumwandikia kumuuliza. Hapo kosa ni langu.

Sahibu yangu alikuwa na bustani nyuma ya nyumba yake. Nilimwomba kona moja, akakubali mara moja, na siku tuliyokubaliana nilimkuta ameshaleta koleo. Nilikuwa nimeyafunga madaftari kwa kitambaa cheupe kipya. Udongo wa huku ni mfinyanzi mzito, nami mgongo wangu ulikuwa umechoka na sinia, kwa hiyo alichimba yeye. Alichimba mpaka jasho likamshuka kwenye ndevu. Nikayashusha, akafukia, akaupiga udongo kwa mgongo wa koleo, tukasoma dua. Nilimwombea kwa sauti, nikamshukuru mbele ya Mungu kwa kuilinda elimu ya Bibi. Akaitikia amina.

Siku hiyo, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, alikuwa ameshamaliza kupunguza darsa ishirini na sita.

Ulipita mwaka na nusu. Binti wa Bibi akaniandikia barua kwamba Ramadhani inakaribia, wanawake wa uani wamemwomba awasomee darsa za marehemu, na kama kazi imekwisha nimtumie. Niliifurahia barua ile. Nilikuwa nimepata printa yenye kelele, na bunda la karatasi. Jumapili mbili mfululizo mke wangu alisamehe simu yake, nami nikapakua darsa zote arobaini na kuzichapa.

Nilitafuta namna ya kuzitanua. Hakukuwa na cha kutanua. Faili zilifunguka zilivyo, na zilikuwa fupi.

Nikaanza kusoma na ya kumi na mbili. Naijua ile, kwa sababu siku nilipoiandika nililazimika kuinuka na kutembea chumbani. Bibi alieleza jinsi ya kuosha maiti, hatua kwa hatua, kisha akaacha kueleza akasimulia alivyomwosha binti yake mdogo aliyekufa kwa homa, nani alikuwa akimmwagia maji, mikono yake ilivyokuwa, na kitu alichomwambia yule mmwagaji. Katika karatasi niliyoshika hatua zote zilikuwapo. Kisa hakikuwapo. Mstari wa kabla na mstari wa baada ilishonwa pamoja, na mtu asiyejua asingeona mshono.

Nilisoma zote arobaini siku ile. Palipokuwa na mwanamke wa jirani aliyeleta swali lake, jirani ameondoka na swali limebaki bila mwenyewe. Mizaha ya Bibi imeondoka. Mahali alipoandika kwamba jambo hili halijui na atamuuliza anayejua, pamekatwa, na darsa sasa inatoa hukumu kama kadhi. Sauti ilikuwa ya mwanamume. Ilinichukua muda kukubali kwamba ninaitambua ni ya nani.

Nilipanda basi la 120 mpaka Southall na karatasi zangu kwenye mfuko wa plastiki. Sahibu yangu alinifungulia mlango, akaona mfuko, akajua.

"Kaa kwanza, Maalim. Chai iko tayari."

"Zimepungua."

"Nilizisafisha. Hukumu sikugusa hata moja, wallahi. Tazama mwenyewe, kila sharti lipo."

"Uliniambia umezibana."

"Nilizibana pia," alisema, kisha akatazama chini kwa sababu alisikia alivyosema. "Maalim, wewe hukujua nani wanaingia kwenye bodi. Wasomi wanaingia. Wananiandikia wananiuliza, huyu mwalimu wako ni wa namna gani, katika darsa moja anasema mara tatu kwamba hajui?"

"Alikuwa hajui. Ndiyo maana akasema."

"Na habari za nyumbani mwake, za mke mwenziwe, za mtoto wake maiti, zisomwe na wanaume wa Uholanzi? Nilimsitiri. Mimi nilidhani namsitiri."

"Alikuwa na haja ya wewe kumsitiri? Alisomesha miaka thelathini, waliomsikia hawakumwona uchi."

Nikamuuliza zile za kwanza ziko wapi. Akasema aliandika juu yake. Nikauliza kanda ya kila Ijumaa. Akasema kanda ni ile ile moja, kila Ijumaa inaandikwa juu ya Ijumaa iliyopita.

"Na siku ile uliposhika koleo," nilimwambia, "ulijua kwamba chini ya kitambaa kuna maneno ambayo hayapo tena pengine popote."

"Nilijua."

"Ukaitikia amina."

"Nilitaka kukwambia. Ulikuwa unaniombea, nikaona haya kukukatiza."

Huwa nafikiria jibu lile mpaka leo. Mtu anaweza kukuacha uzike kitu kwa sababu ya adabu.

Nilimwomba koleo. Alilileta yeye, akachimba yeye, bila kuvua kanzu. Kwetu kilichozikwa hakifukuliwi, nami nilifanya hivyo huku nikiomba msamaha. Kitambaa kilikuwa cha kahawia na kililegea kiliposhikwa. Ndani yake madaftari yalikuwa yamegeuka kitu kimoja kinene, kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Nilijaribu kutenga ukurasa, ukaja mkononi kama ute. Wino ulikuwa umekwenda na mvua za baridi mbili. Sahibu yangu alikuwa akilia, machozi yanampita puani na hayafuti, nami sikuwa na huruma ya kumpa. Tulifukia tena. Chai niliiacha mezani.

Kulikuwa na njia nyepesi, na sitaficha kwamba niliitazama kwa siku kadhaa. Darsa arobaini zilizochapwa zilikuwa safi, zinasomeka vizuri. Binti wa Bibi hakuwa amewahi kuyasoma madaftari mpaka mwisho. Ningezitia kwenye bahasha, wanawake wangesoma Ramadhani yao, na hakuna ambaye angejua. Hukumu zote zilikuwapo. Jambo lililonizuia halikuwa ushujaa. Niliogopa kukutana na Bibi.

Nikampigia simu binti yake. Nilimweleza yote tangu mwanzo, na alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," alisema, "huyo rafiki yako amekata maneno. Nimemsikia. Lakini madaftari alizika nani?"

"Mimi."

"Nilikwambia unirudishie."

"Ulisema."

"Ningeyachukua hata yameoza. Ule ulikuwa mwandiko wa mama. Sina hata karatasi ya sokoni aliyoiandika yeye." Kisha akasema, "Zitume hivyo hivyo. Na palipokatwa usijaze kitu. Acha wazi, wanawake waone pameondolewa."

Nilifanya alivyosema. Nilizichapa upya, na kila nilipokumbuka kwa yakini kwamba palikuwa na kitu, niliacha nafasi nyeupe. Nyingine kisa chake nilikikumbuka, lakini maneno yenyewe hayakunijia, na sikuthubutu kumtia Bibi kinywani maneno yangu. Sehemu nyingine nilihisi pengo tu, nisijue kilichokuwapo. Darsa ya thelathini na tatu ilibaki nusu ukurasa mtupu. Niliandika bahasha, nikaipeleka posta ya Hounslow, na nikakaa nje kwenye benchi mpaka mabasi mawili yakapita.

Bodi ilifungwa miaka michache baadaye, intaneti ilipoingia majumbani na hakuna aliyetaka tena kupiga simu nyumba ya mtu. Mimi na sahibu yangu tuliendelea kusali msikiti mmoja. Nilimsalimu, kwa sababu salamu ni haki yake. Nikikuta nafasi kando yake kwenye safu sikuikwepa. Lakini sikumpa tena kitu mkononi, hata msuaki, na sikuingia nyumbani kwake. Watoto walikua, nilistaafu, mke wangu alitengenezwa goti. Mungu amenipa mengi ambayo sikuyaomba, nami nahesabu neema zake kila alfajiri. Jambo hili moja, kila nikilifikia, hesabu husimama.

Mwaka jana alikuja Hounslow bila kuniambia. Alikuwa amepata safari ya kuhiji, na kama ilivyo ada, anayekwenda huko huzunguka kwanza kuomba radhi kwa kila aliyemkosea. Aliketi kwenye kochi langu kwa tabu, mkongojo kati ya magoti, ndevu zote nyeupe. Mke wangu alimletea maji akatuacha.

"Umenijia kwa lipi?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Kwa darsa za Bibi."

"Langu nimekusamehe. Uliniongopea mimi, na hilo ni langu, naliacha. La Bibi na la binti yake silimiliki. Siwezi kukupa kisichokuwa changu."

"Bibi yuko kaburini, Maalim."

"Binti yuko Mombasa. Simu anashika mwenyewe."

Alinitazama kama mtoto aliyeambiwa aende peke yake kwa daktari. Nikapiga namba kwenye simu yangu, nikafungua spika, nikaiweka mezani mbele yake. Binti wa Bibi sasa ni mzee kama sisi, na sauti yake imeanza kufanana na ya mama yake, jambo ambalo hunishtua kila mara. Sahibu yangu akajitambulisha. Akaeleza anakokwenda. Akaomba.

Kukasikika kuku upande wa pili wa simu.

"Ndiye wewe," alisema. "Nimengoja siku nyingi kukusikia. Unajua kwamba wewe ndiye mtu wa mwisho kuyasoma maneno ya mama? Kaka aliyaandika, lakini wewe ulikaa nayo baadaye, ukachagua lipi litoke. Anayechagua husoma kwa makini. Basi niambie. Ulitoa nini?"

Sahibu yangu alifumba macho. Alisema mengi yamempotea. Akasugua kichwa cha mkongojo wake, kisha akasema iko moja anaikumbuka, kwenye darsa ya kusengenya, ya thelathini na tatu. Bibi aliandika kwamba aliwahi kumsengenya mke mwenziwe kwa majirani. Akajuta, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akabeba sinia kichwani mpaka kwa mwenziwe kumtaka radhi. Mwenziwe akala wali wote, akala na ukoko, akanawa mkono, akamwambia, chakula kitamu, mwenzangu, lakini bado.

Upande wa pili ulianza kucheka, kicheko cha kikongwe kinachokatwa na kikohozi, na ndani yake kulikuwa na kilio.

"Ndiye mama mdogo huyo. Ndiye kabisa. Alikuwa anapenda ukoko kuliko wali." Alipotulia akasema, "Nenda, Mungu akupokee. Kwa upande wangu nimekuachia. Ukirudi unipigie tena, huenda huko ukakumbuka jingine."

Nilimsindikiza sahibu yangu mpaka kituo cha basi kwa mwendo wake wa mkongojo. Alikuwa mwepesi. Alizungumza njia nzima. Mimi sikuwa mwepesi, nami nilijionea haya kwa hilo. Nilikuwa nimeiandika darsa ya thelathini na tatu kwa vidole vyangu, herufi kwa herufi, na kisa kile sikukikumbuka hata kidogo. Huenda umri umenichukulia. Huenda kilikuwapo hivyo hivyo alivyosema, na ukoko wake. Mtu anayeomba radhi angejitungia kisa ambacho mwombaji anasamehewa, si hiki. Lakini Bibi alitufundisha kwamba habari hupimwa kwanza kwa anayeileta, na aliyewahi kuongopa katika kunukuu hapokelewi, hata akija na machozi, hata kisa chake kikiwa kizuri.

Binti yake alinipigia jioni ile ile kuniambia nikiingize mahali pake, ili aichape upya darsa na wanawake wacheke. Nilimwambia nitampelekea.

Nilikiandika kwenye karatasi ya peke yake. Juu niliandika kimepokewa kwa nani, na kwamba mtu huyo nilimjua kwa sala zake na kwa uongo mmoja. Nusu ukurasa wa darsa ya thelathini na tatu niliuacha mweupe kama ulivyokuwa, nikazitia zote mbili kwenye bahasha moja, ile karatasi bila namba ya darsa.